Chuo Binafsi Kimoja na Watu Wake: Maneno kwa Wachangiaji wa Mfuko wetu wa Elimu

(Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa umoja wetu, Dar es Salaam. Salamu za mwanzo zimefupishwa.)



Kamati Tendaji iliniomba nizungumze juu ya elimu ya juu. Nilipouliza niseme nini hasa, nikajibiwa niseme chochote mradi nisisome mizania. Nimekubali. Mizania imo kwenye kabrasha mlilopewa mlangoni, na naomba muisome nyumbani mkiwa mmeshiba.

Katika kabrasha hilo hilo imo hoja tutakayoipigia kura baada ya chakula. Inasema kuanzia mwaka ujao Mfuko wa Elimu uwalipie wanafunzi wa udaktari, uhandisi na uhasibu peke yao, na wawe katika vyuo vya serikali. Walioko vyuo binafsi wajitegemee. Wanaosoma muziki, historia, lugha, michezo ya kuigiza na mengine ya namna hiyo wasubiri mfuko unenepe.

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo hoja hii inanipendelea waziwazi. Nimesimama kuipinga. Tena nina heshima kwa waliyoileta, kwa sababu wanaogopa kitu cha kweli: fedha ni chache, na kijana akimaliza chuo akarudi kukaa kibarazani, aliyechanga anajiona amemwaga maji mchangani. Nitaijibu hofu hiyo. Lakini ushahidi wangu nimeuchukua mbali kidogo, katika chuo kikuu binafsi kimoja cha Washington, mji mkuu wa Marekani. Kinaitwa Howard.

Nimekichagua kwa sababu kilianzishwa kwa ajili ya watu wasiokuwa na kitu kabisa. Utumwa ulifutwa Marekani mwaka 1865. Howard kilipewa hati yake na Bunge la Marekani Machi 1867, hata miaka miwili haijatimia. Watu ambao juzi walikuwa wakiandikwa kwenye daftari la mali pamoja na nyumbu na majembe, leo wanaambiwa kuna chuo kikuu mlango wazi. Kimeitwa kwa jina la Jenerali Oliver Otis Howard, aliyekuwa akiongoza ofisi ya serikali ya kuwahudumia watumwa walioachwa huru. Na ajabu moja: wanafunzi wa kwanza kabisa walikuwa wasichana wachache weupe, mabinti wa wakuu wa chuo wenyewe. Sheria ya chuo haikumbagua mtu kwa rangi wala kwa jinsia, na hilo mwaka 1867 lilikuwa jambo la kushangaza kila mahali duniani.

Nasikia watu wanasema chuo binafsi maana yake ni cha waliofeli wenye wazazi wenye fedha. Howard ni binafsi tangu siku ya kwanza hadi leo. Lakini Bunge la Marekani hukitengea fedha kila mwaka, na sheria ya mwaka 1928 ndiyo iliyoweka utaratibu huo sawasawa. Kwa hiyo neno "binafsi" linaonyesha nani anakiendesha chuo. Halionyeshi nani anasoma ndani yake, wala kama anastahili kusaidiwa. Hata sisi hapa, Bodi ya Mikopo inawakopesha wanafunzi wa vyuo binafsi pamoja na wa vyuo vya umma. Serikali yenyewe haijawatenga, tuwatenge sisi watu wa kijiji kimoja?

Sasa niwaambie habari za watu.

Watani zetu Wachaga wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Basi niwaletee mwanasheria ambaye angezaliwa Usangi tungemwelewa haraka. Thurgood Marshall alizaliwa Baltimore, katika jimbo la Maryland. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule. Kijana alitaka kusoma sheria, na chuo cha sheria cha jimbo kilikuwa hapo hapo mjini kwao, ila hakikuwa kikipokea watu weusi. Ikabidi aende Howard, umbali wa kilometa zipatazo 60, kila siku kwa treni, kwa sababu nyumbani hakukuwa na fedha za kumpangishia chumba Washington. Na ili ada ya mwanzo ipatikane, mama yake aliweka rehani pete zake, ya uchumba na ya ndoa.

Mama zetu mliomo humu, hilo sina haja ya kuwaeleza. Najua humu ndani kuna watu waliosoma kwa khanga za mama, kwa mbuzi, kwa debe za kahawa na sasa kwa tangawizi ya Mamba Myamba.

Marshall alimaliza mwaka 1933 akiwa wa kwanza darasani. Mwalimu wake, Charles Hamilton Houston, ndiye aliyeibadilisha shule ile. Alipoingia kuiongoza mwaka 1929 ilikuwa shule ya jioni, watu wanakuja wakitoka kazini. Houston akaifanya ya kutwa, akaibana mitihani, akawaambia wanafunzi wake kwamba watasoma sheria ili waitumie kuvunja ubaguzi. Miaka michache baadaye mwalimu na mwanafunzi walisimama pamoja mahakamani kumtetea kijana mwingine mweusi aliyekataliwa na chuo kile kile cha sheria cha Maryland. Mwaka 1936 mahakama ya rufaa ya jimbo ikaamua kwamba kijana apokelewe. Mlango ambao Marshall hakuweza kuupita, akawafungulia wenzake.

Alipeleka kesi 32 mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani akashinda 29. Mojawapo ni ile ya Mei 1954 iliyotamka kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Mwaka 1967 akateuliwa yeye mwenyewe kuwa jaji wa mahakama hiyo, mtu mweusi wa kwanza, akakaa hadi 1991.

Na mtu huyu alifika mpaka kwa jirani zetu. Januari 1960 Tom Mboya alimwomba awe mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Marshall akapitia Kenya kwanza. Wakoloni wakamzuia asihutubie. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliomba aruhusiwe kuwasalimu watu kwa neno moja tu, wakakubali, akapanda juu ya gari akapiga kelele: "Uhuru!" Watu wakalipuka. Huko London akaandika rasimu ya haki za raia, na ndani yake akaweka ulinzi wa mali za wachache, wakiwemo walowezi weupe. Wengine walimshangaa. Lakini yeye alikuwa ametetea wachache maisha yake yote nyumbani kwake, na hakuona kwa nini kanuni igeuke wachache wakiwa ni watu wengine. Nikiri kwamba sehemu hiyo ndiyo inayonifanya nimheshimu kuliko kesi zote 29.

Mtaniambia: sawa, huyo alisoma sheria, kitu chenye mshahara. Basi nije kwenye masomo na kazi, kwa sababu hapo ndipo hoja iliyo mbele yetu inapopotea njia.

Andrew Young alimaliza Howard mwaka 1951, somo lake biolojia. Baba yake alikuwa daktari wa meno huko New Orleans, na mipango yote ilikuwa kijana arithi kiti na koleo. Kijana akaenda kusoma theolojia akawa mchungaji. Kisha akawa msaidizi wa karibu wa Martin Luther King. Kisha mbunge. Kisha balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, na kwa wadhifa huo alifika Tanzania mwaka 1977 kuzungumza na Mwalimu Nyerere juu ya Rhodesia. Kisha meya wa Atlanta. Kamati yetu ingemlipia kijana huyu bila kuuliza maswali, maana alikuwa anasoma sayansi. Na tungepata mchungaji. Je, tungeomba fedha zetu zirudi?

David Dinkins alisoma hesabu, akamaliza mwaka 1950. Akaja kuwa meya wa kwanza mweusi wa jiji la New York. Edward Brooke, wa mwaka 1941, alianza na nia ya udaktari, akaishia kwenye elimu ya jamii, na mwaka 1966 wananchi wa Massachusetts, wengi wao weupe, wakamchagua seneta. Stokely Carmichael, kijana aliyezaliwa Trinidad, alisoma falsafa. Falsafa! Hapo najua mzee mmoja wa meza ya mbele angechana fomu. Kijana huyo alifungwa jela Mississippi mwaka 1961 kwa kushiriki safari za kupinga ubaguzi, akarudi darasani, akamaliza mwaka 1964, na miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa sauti zilizosikika kuliko zote Marekani. Baadaye akahamia Guinea, akajiita Kwame Ture, akafia Conakry mwaka 1998. Mtu anaweza kumkubali au kumkataa kwa siasa zake. Hawezi kusema elimu yake haikufanya kazi.

Na yupo aliyetoka hapo akafika hatua moja kutoka kilele. Kamala Harris alimaliza mwaka 1986, masomo ya siasa na uchumi. Januari 2021 alipoapishwa kuwa Makamu wa Rais, moja kati ya Biblia mbili alizowekea mkono ilikuwa ya Thurgood Marshall. Mwaka 2024 aligombea urais, na akaja kukubali kushindwa akiwa amesimama kwenye viwanja vya chuo chake.

Nirudi nyuma kidogo kwa mwanamke ambaye nadhani akina mama watampenda. Mwaka 1949 msichana aitwaye Chloe Wofford aliingia Howard akitokea mji wa viwanda wa Ohio. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na akifanya zaidi ya kazi moja. Mama yake alishika kibarua cha kuhudumia vyoo vya wanawake kwenye uwanja wa burudani, na kutoka huko akimtumia binti fedha za matumizi. Binti anasoma nini? Lugha na fasihi ya Kiingereza. Hadithi!

Alimaliza mwaka 1953, akafundisha, akarudi Howard kufundisha, na Carmichael niliyemtaja alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Akaolewa, akaachika, akawa na wana wawili wa kulea. Akapata kazi ya uhariri katika shirika la vitabu la Random House. Akawa anaandika alfajiri kabla watoto hawajaamka. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 39. Dunia inamjua kwa jina la Toni Morrison, na mwaka 1993 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi.

Piga hesabu: kutoka kumaliza chuo hadi kitabu cha kwanza ni miaka 17. Fomu yetu ya ufuatiliaji inamwuliza mhitimu "umepata ajira gani" baada ya miezi 12. Kwa fomu hiyo, mwaka 1954, Toni Morrison angeandikwa kwamba bado anasoma.

Waimbaji nao. Roberta Flack aliingia Howard na miaka 15, kwa ufadhili kamili wa muziki. Alipomaliza hakuwa mwanamuziki, alikuwa mwalimu. Alifundisha mashuleni miaka kadhaa, na Washington akawa anafundisha mchana na kupiga piano usiku kwenye mgahawa. Wale wa umri wangu na wakubwa wangu tunaujua wimbo wake wa mwaka 1973, hata kama wengine tuliuimba kwa maneno ya kubahatisha. Jessye Norman, wa mwaka 1967, alitoka Georgia naye kwa ufadhili wa ada yote. Julai 14, 1989, Ufaransa ilipoadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yake, aliyesimama Paris kuimba wimbo wa taifa la Ufaransa alikuwa yeye.

Naona Katibu ananionyesha saa. Niwape wa mwisho, halafu nije kwenye fedha.

Chadwick Boseman mnamfahamu, au watoto wenu wanamfahamu, kwa filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Alisoma uongozaji wa michezo ya kuigiza, akamaliza mwaka 2000. Akiwa bado mwanafunzi, yeye na wenzake walikubaliwa kwenye mafunzo ya kiangazi ya uigizaji huko Oxford, Uingereza, na hawakuwa na fedha. Mwalimu wao, Phylicia Rashad, ambaye naye ni mhitimu wa Howard na mwigizaji maarufu, akapiga simu kwa marafiki. Boseman akaenda, akarudi, ndipo akapata barua ya kumjulisha nani alimlipia. Alikuwa Denzel Washington, mwigizaji mwenzake ambaye hakuwa amewahi kumwona. Akamwandikia barua ya shukrani, na miaka mingi baadaye, alipokuwa naye ameshakuwa nyota, akaisimulia habari hiyo hadharani. Mwaka 2017 Boseman aliigiza kama Thurgood Marshall katika filamu ya maisha yake. Alifariki Agosti 2020 kwa saratani, akiwa na miaka 43, na chuo cha sanaa cha Howard sasa kinaitwa kwa jina lake.

Zingatieni namna msaada ule ulivyotolewa. Mtoaji hakuuliza kijana ni wa ukoo gani. Hakutaka picha akikabidhi hundi. Ililipwa ada ya kitu mahususi, kwa muda mahususi, kupitia mwalimu anayewajua wanafunzi.

Sasa niseme jambo ambalo mwenye kutetea sanaa kwa kawaida hulificha. Orodha za wahitimu mashuhuri zinadanganya. Zinaonyesha upande wa mapato tu. Ukiniletea vitabu vya namna hiyo ofisini nakurudishia.

Charlotte Ray alimaliza sheria Howard mwaka 1872, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mwanasheria Marekani. Akafungua ofisi Washington. Wateja hawakuja, kwa sababu ni mweusi na kwa sababu ni mwanamke. Akafunga, akarudi New York, akafundisha shule za Brooklyn. Alikuwa na shahada yenye mshahara, na mshahara haukuja. Zora Neale Hurston alisoma Howard miaka ya mwanzo ya 1920 huku akipaka watu rangi za kucha kwenye kinyozi ili ajilipie. Akaja kuandika vitabu vinavyosomwa leo vyuoni kote duniani. Lakini alikufa Florida mwaka 1960 akiwa maskini, na kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 1973, mwandishi Alice Walker alipoenda kuliweka.

Na nyuma ya hao wote wapo maelfu ambao hakuna anayewaorodhesha: wauguzi, wafamasia, walimu wa hesabu, madaktari wa miji midogo. Kwa miongo mingi ya ubaguzi, Howard na chuo kingine kimoja cha Tennessee ndivyo vilivyofundisha sehemu kubwa ya madaktari wote weusi wa Marekani. LaSalle Leffall, wa mwaka 1952, alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa saratani, akawa rais wa kwanza mweusi wa Jumuiya ya Saratani ya Marekani, na bado sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa darasani Howard akifundisha wengine. Kwangu mimi Leffall ni faida kubwa kuliko nyota wa filamu. Lakini sioni namna ambayo chuo kingejua mapema nani atakuwa nani, ili kiwalipie hawa kiwaache wale.

Hapo ndipo ninapotofautiana na hoja. Waliyoiandika wanadhani jina la kozi linatuambia mwisho wa mtu. Watu niliowataja wanaonyesha kwamba halituambii. Kinachotuambia kidogo ni bidii ya mwanafunzi mwenyewe na kama amebaki darasani hadi mwisho. Na kubaki darasani, ndugu zangu, mara nyingi ni suala la fedha ndogo.

Mwaka jana binti mmoja wa kwetu, jina silitaji, alikuja ofisini kwangu na karatasi ya madeni kutoka chuo binafsi anachosoma. Mwaka wa pili, matokeo mazuri. Alikuwa amezuiwa kufanya mitihani kwa salio la shilingi laki saba. Mkopo ulikuwa umelipa sehemu, baba alikuwa ameuza tangawizi akalipa sehemu, ikabaki hiyo laki saba. Aliandika barua kwa mfuko wetu. Akajibiwa kwamba suala lake linasubiri mkutano, yaani mkutano huu. Muhula ukapita. Kwa hoja iliyo mbele yetu jibu lake sasa ni hapana, kwa sababu chuo ni binafsi na somo lake ni lugha. Laki saba ni chini ya gharama ya viti na maturubai ya sherehe yetu ya leo. Nimeziona hati za malipo.

Nije kwenye ulinzi wa fedha, maana mimi ndiyo kazi yangu na Howard kina somo kali hapo pia. Machi 2018 ilitangazwa kwamba uchunguzi umegundua fedha za ruzuku za wanafunzi kati ya mwaka 2007 na 2016 zilitumiwa vibaya: baadhi ya wafanyakazi wa chuo walijipatia ruzuku juu ya msamaha wa ada waliokuwa nao tayari. Wafanyakazi sita wakafukuzwa kazi. Wanafunzi wakalikalia jengo la utawala siku tisa mpaka wakasikilizwa. Mwezi Mei, Boseman alipokwenda kuhutubia mahafali, aliwapongeza kwa hilo. Kumbukeni hawakuiba wageni. Waliiba watu wa ndani, wanaojua dirisha lipi halifungi.

Na mwaka 2024 bodi ya chuo hicho ilimvua shahada ya heshima mwanamuziki tajiri Sean Combs, aliyewahi kusoma hapo bila kumaliza, baada ya video iliyomwonyesha akimpiga mwanamke. Ikaamua pia kumrudishia dola milioni moja alizokuwa amechangia. Nimeshika vitabu miaka zaidi ya ishirini, na vocha ya kurudisha mchango kwa sababu ya heshima sijawahi kuiandika. Sisemi zaidi. Wakati wa kampeni, kila mmoja anajua nani anapenda kuja kuchangia kwetu.

Kwa hiyo napendekeza marekebisho, na Katibu anayo maandishi yake. Sehemu ya kozi iondolewe yote. Sehemu ya vyuo vya serikali iondolewe yote. Badala yake mfuko uanze na wale waliokwisha kuingia chuo, wenye matokeo ya kuridhisha, ambao wako katika hatari ya kuzuiwa mitihani kwa salio. Fedha zilipwe kwenye akaunti ya chuo, zisipite mkononi mwa mwanafunzi, wala mzazi, wala mjumbe wa kamati. Maombi yaamuliwe ndani ya siku 14 na watu watatu, mmoja wao awe mwalimu anayeishi nyumbani, siyo sisi wa Dar peke yetu. Mjumbe mwenye ndugu anayeomba atoke chumbani. Kila mwaka orodha ya malipo ichapishwe kwenye kijarida hiki, chuo na kiasi, bila majina ya wanafunzi. Na mkaguzi wa hesabu asiwe mimi, kwa sababu mimi nimeshajionyesha niko upande gani.

Mzee mmoja aliniuliza jana: na wakimaliza wasiturudishie kitu? Wengine hawatarudisha. Msaragambo wa kuchimba mfereji nao una wasiokuja, na maji bado yanafika mashambani kwao. Hatujawahi kufunga mfereji kwa sababu hiyo.

Mwisho ni la kazi. Mhasibu mwenzangu mmoja wa zamani, John Cromwell, alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata cheti cha uhasibu cha CPA, mwaka 1921. Alikuwa mtu wa Washington, lakini ilimbidi asafiri hadi jimbo la New Hampshire kufanya mtihani, kwa sababu kwingine walidai uzoefu katika ofisi za wahasibu, na hakuna ofisi ya wazungu ambayo ingempa kazi. Mwaka 1930 akaajiriwa kuwa msimamizi wa fedha wa Howard. Hajulikani kama hao wengine, wala hatatengenezewa filamu. Lakini wakati Marshall anashuka kwenye treni kila asubuhi na ada iliyotokana na pete za mama yake, mtu aliyekaa kwenye daftari la fedha za chuo alikuwa ni yeye.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa Mweka Hazina, karibu na mlango wa jikoni. Zina sehemu mbili: ahadi ya leo na ahadi ya kila mwezi. Jazeni ile ya pili hata kama ni elfu kumi, kwa sababu chuo kinadai kila muhula na sherehe yetu ni mara moja kwa mwaka. Anayelipa taslimu asiondoke bila stakabadhi. Yule binti amenitumia ujumbe kwamba usajili wa muhula unafungwa Ijumaa ijayo, na salio lake bado ni lile lile.